Taa ya LOS inawaka nyekundu

SWALI: Tangu tusogeze kabati sebuleni, kifaa cha faiba kinawaka taa nyekundu ya LOS na intaneti hakuna. Ninunue kingine?

JIBU: Usinunue. LOS nyekundu maana yake mwanga unaobeba intaneti haufiki kwenye kifaa, na hapo wa kushukiwa kwanza ni kabati. Waya wa faiba ukibanwa au kukunjwa kona kali, mwanga huvujia pembeni. Ulegeze, uuzungushe kwa duara lenye upana wa sentimita 6 au zaidi. Kisha chomoa konekta ya kijani, uichomeke tena mpaka ilie "ta". Usiichungulie ncha: mwanga wake hauonekani, ila unaweza kudhuru macho. Ikibaki nyekundu, mwite fundi apime nguvu ya mwanga. Kwa GPON (aina ya mtandao wa faiba) ya daraja B+, kipimo kiwe kati ya -8 na -27 dBm (kizio cha nguvu ya mwanga).