Kabla ya kununua 5G ya ambulensi, pima kasi ya kupakia

Siku ya majaribio ya ambulensi yetu tulikuwa na kila kitu cha kututia kiburi: ruta mpya ya 5G, kamera juu ya kitanda, daktari akisubiri mbele ya skrini. Nilipima mtandao kwa simu, nikaona mamia ya megabiti, nikatabasamu. Hatujafika mbali, uso wa "mgonjwa" wetu, mwenzetu aliyejitolea kulala pale, ukaganda kwenye skrini mdomo wazi. Muuguzi akachukua redio akaeleza kwa maneno.

Kosa lilikuwa langu. Nilitazama kasi ya kupakua, ilhali kazi ya ambulensi ni kupakia, yaani kutuma picha na data kutoka garini. Mitandao mingi ya 5G hutuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yale yale, na sehemu kubwa ya zamu hupewa upakuaji, maana ndio wateja wengi wanaoutaka. Tena bodi ya gari ni chuma, na ruta yetu ilikuwa ndani, chini ya kiti. Kuhamishia antena juu ya paa kulitusaidia kuliko kifurushi chochote cha bei ghali. Kwa hiyo usipime ukiwa umeegesha. Pita njia ambazo gari hupita kazini, saa ya msongamano, ukirekodi kasi ya kupakia na ucheleweshaji, kisha weka alama kwenye ramani kila mahali panapokatika.

Halafu jiulize ni kitu gani hasa kinachohitaji kasi hiyo. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya sekunde 10 yenye mikondo yote 12 ni takriban kilobaiti 120 kabla ya kubanwa, inapita hata kwenye 3G. Hiyo inatosha daktari wa moyo kuanza kuandaa chumba cha kuzibua mshipa gari likiwa bado njiani. Anayekuuzia 5G kwa ajili ya ECG anakuuzia lori la kubebea barua. Ultrasaundi ya moja kwa moja ni habari nyingine: daktari anasema "inamisha kidogo", na picha ikichelewa, mkono wa mhudumu umeshapita mahali alipotaka kuona.

Kuhusu kompyuta ya karibu, yaani ile inayowekwa kwenye mnara wa simu badala ya seva ya mbali, wauzaji husifia milisekunde. Ni kweli, mwanga ndani ya nyuzi huenda kama kilomita 200 kwa milisekunde moja, hivyo seva iliyo kilomita 2,000 inakula milisekunde 20 kwenda na kurudi kabla haijafanya lolote. Lakini kilichotuumiza sisi si hicho. Programu yetu ya kusoma mapigo ilikaa kwenye seva ya mbali, na mtandao ulipokatika, ikanyamaza. Hata kengele haikulia. Sasa kuna kompyuta ndogo ndani ya gari: inasoma ECG hapo hapo, inapiga kengele, inahifadhi kila kitu na kutuma mtandao ukirudi. Kompyuta ya mnarani tunaiachia video nzito tu. Nawe ukiitumia, muulize mtoa huduma kazi inahamaje gari linapotoka eneo la mnara mmoja kwenda mwingine. Wengine hukohoa kwanza.

Chukua laini mbili za kampuni tofauti, ila hakikisha hazitegemei mnara mmoja. Ukiahidiwa njia maalumu ya dharura, yaani sehemu ya mtandao iliyotengwa kwa ajili yako, iwe kwenye mkataba, na uliza kama 5G yao inajitegemea au bado imeegemea kiini cha 4G, yaani mitambo mikuu inayoendesha mtandao. Ikiwa imeegemea, njia hiyo usiitarajie.

Na saa za mashine, zilingane! Tuliwahi kukuta mashine ya ECG imetangulia dakika 11 mbele ya kompyuta ya gari. Kwa kiharusi, ambapo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, dakika 11 si mchezo.

Kila mwezi, katikati ya mazoezi, nachomoa ruta bila kutangaza. Mara ya kwanza kulikuwa na kelele. Siku hizi muuguzi yule wa redio hata hanyanyui kichwa.