Kabla nyama haijapanda motoni: ushauri kwa anayekwenda kula steki Lubumbashi

Hapa Lubumbashi hakuna anayehitaji kufundishwa utamu wa nyama ya kuchoma. Tumekua na michopo: mchomaji anakukatia mbuzi mbele ya macho yako, unamwonyesha kwa kidole upande unaoutaka, anakufungia kwenye karatasi pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili, na kama kipande hakijaiva unamwambia akirudishe kwenye makaa palepale. Mteja na moto wanaonana. Katika migahawa ya kifahari ya steki, ile yenye paa la nyasi, nguzo za magogo ambayo hayakubanduliwa magome na meza za mbao nzito, moto uko nyuma ya ukuta, na kati yako na huo moto yupo mhudumu mwenye kalamu na karatasi. Kazi iliyokuwa ikifanywa na kidole chako sasa lazima ifanywe na maneno. Nililijua hilo kwa kuaibika mbele ya baba mkwe wangu, na ndiyo sababu ninaandika.

Ilikuwa mwezi wa sita, usiku wa baridi kali kama tunavyoijua sisi tunaoishi juu ya tambarare hii ya mita zipatazo 1,200. Nilikuwa nimewaalika baba mkwe, shemeji zangu wawili na wake zao, nami pamoja na mke wangu. Mhudumu aliuliza kwa Kifaransa kama tunataka nyama saignant, à point au bien cuit, yaani isiyoiva sana, ya wastani au iliyoiva kabisa, na shemeji mdogo, kwa haraka ya ujana, akajibia meza nzima: à point. Nyama ilipoletwa kwenye vibao vya mbao, Baba alikata mara moja, akaona wekundu katikati na maji mekundu yakielekea kwenye viazi vyake, akaweka kisu chini taratibu. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, huyu ng'ombe bado.” Kipande chake kilirudishwa jikoni kwa zaidi ya dakika ishirini. Ni nani kati yetu angethubutu kula huku mzee akiwa na kibao kitupu mbele yake? Tulingoja wote, nyama zetu zikapoa na mafuta yakaganda, na chake kilipofika kilikuwa kimekauka hadi kisu kikawa kinateleza juu yake. Alikila chote, kwa heshima yangu. Hilo liliniuma kuliko bili.

Jambo la kwanza la kuelewa, na la kumweleza mzee wako kabla hamjatoka nyumbani, ni kwamba yale maji mekundu si damu. Damu ya ng'ombe hutolewa wakati wa kuchinja. Kinachobaki ndani ya misuli ni maji yaliyotiwa rangi na protini iitwayo mayoglobini, ambayo hugeuka kahawia kadiri joto linavyopanda. Nyama isiyoiva sana, saignant, huwa na nyuzi 50 hivi za Selsiasi katikati yake; à point inaangukia kati ya 57 na 63; bien cuit inavuka 70, na hapo wekundu umekwisha. Migahawa, hata hivyo, haikubaliani juu ya maneno haya: à point ya jiko moja ni ya waridi na ya jiko jingine ni ya kahawia. Kwa hiyo usiishie kwenye neno, eleza rangi. Sema, “Ndani isiwe na wekundu wowote, lakini isikauke,” na mpishi mzuri atakuelewa kuliko ukimtajia jina la Kifaransa ambalo kila mmoja analipima kivyake.

Na kama mtu anataka nyama iliyoiva kabisa, asidharauliwe. Achaguliwe tu kipande kinachovumilia. File, nyama ya ndani ya mgongo, ni laini lakini haina mafuta mengi, hivyo ikipita nyuzi 70 inakuwa kavu upesi. Antrekoti, nyama ya mbavuni, ina mafuta yaliyopenya ndani ya nyama, na mafuta hayo yanailinda motoni. Unaweza pia kuomba kipande kinene kipasuliwe katikati kabla ya kuchomwa, kiive haraka bila kuungua nje. Zaidi ya yote, mwambie mhudumu kwamba nyama ya mzee ianze kupanda motoni kwanza, ili vibao vyote vifike pamoja. Sentensi hiyo moja ingeuokoa usiku wetu mzima.

Wengine wataniuliza kuhusu usalama, na wana haki. Katika kipande kizima vijidudu vingi hukaa juu ya uso wa nyama, na moto mkali unavimaliza hata kama katikati pamebaki pa waridi. Nyama ya kusaga ni tofauti, kwa sababu kilichokuwa juu kimechanganywa ndani, nayo haina budi kuiva yote hadi nyuzi 71. Lakini ng'ombe anaweza kubeba mabuu ya tegu, mnyoo wa tumboni, ndani ya misuli, na haya si rahisi mlaji kuyaona. Yanakufa nyama ikifika nyuzi 63 na kuachwa ipumzike dakika tatu, au ikiwa imegandishwa kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10. Msimamo wangu ni huu: kama mgahawa hauwezi kuniambia nyama imetoka wapi na imekaguliwa na nani, sili nyama yenye wekundu ndani, hata wakiniahidi mpishi aliyesomea Ulaya.

Swali la nyama imetoka wapi si la kumfedhehesha mtu. Kwetu Katanga kuna ng'ombe wanaofugwa juu ya tambarare ya Biano, na kuna nyama inayoingia kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Zote zinaweza kuwa nzuri. Ninachokitazama ni namna ya kujibu: mhudumu anayekwenda jikoni kuuliza na kurudi na jibu kamili ananipa imani kuliko yule anayetabasamu na kusema yote ni bora. Wakikuambia nyama yao imekomazwa, maana yake imekaa wiki mbili hadi nne katika baridi inayokaribia sifuri, vimeng'enya vya nyama yenyewe vikiilainisha polepole. Ni kazi ya ufundi inayostahili bei yake, lakini katika mji ambapo umeme hukatika bila taarifa, uliza friji inaendeshwa na nini umeme ukiondoka. Nyama iliyopanda na kushuka joto kwa wiki tatu haijakomaa, imeharibika.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Soma menyu hadi mstari wa chini: vipande vikubwa vyenye mfupa mara nyingi huandikwa bei ya gramu 100, na uzito unaohesabiwa ni ule wa nyama mbichi, ambayo hupungua sana ikichomwa. Mimi sikuusoma, na kipande nilichodhani ni cha bei ya kawaida kikawa mara sita yake. Uliza pia kama TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 imo ndani ya bei. Ukilipa kwa dola, beba noti zisizo na mpasuko hata mdogo, maana watazikataa, na uliza mapema wanabadilisha kwa franga ngapi.

Bukari, ugali wetu, usiionee haya. Nimeona watu wakila viazi vya kukaanga kwa kujilazimisha, kisha wanarudi nyumbani na kusonga unga saa nne usiku. Piga simu asubuhi unapoweka meza, waambie mna mzee na mngependa bukari ya moto na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Karibu kila mara watakubali, kwa sababu wafanyakazi wa jikoni nao wanapika chakula hicho. Omba pia meza iliyo karibu na moto wa kuni wakati wa baridi, lakini si upande ambao moshi unaelekea, kwa sababu macho ya wazee hayavumilii.

Tulirudi na Baba mwaka uliofuata, katika mgahawa mwingine. Nilikuwa nimepiga simu, nimeuliza niliyoyaandika hapa, na nikaomba jambo moja la ziada: mzee aruhusiwe kuona nyama kabla haijapimwa. Mpishi mwenyewe alikuja na sinia yenye vipande vitano, akamwinamia na kumsalimu. Baba alivitazama kimoja kimoja, akavaa miwani, kisha akanyoosha kidole juu ya antrekoti yenye ukingo mweupe wa mafuta. “Hiki,” akasema. “Na kiive.” Kikawekwa kwenye mzani mbele yetu, namba zikasoma gramu 420, na vibao vyote saba vikafika mezani kwa pamoja.