Nilifeli kwa 0.16, na huku hakuna sapu

Dada mmoja kaniandikia juzi usiku kutoka Ohio. Kapata 77.6, chuo chake cha uuguzi kinataka 78, kaambiwa arudie kozi. "Dada, nimejifungia chooni kazini nalia." Nimeisoma meseji ile mara tatu mpaka chai ikapoa.

Yangu ilikuwa 76.84. Pasi ilikuwa 77. Miaka tisa imepita na naikumbuka kuliko tarehe ya harusi yangu (baba watoto, hapa ruka).

Tuliosoma Tanzania huwa tunakuja na hesabu za nyumbani. Kidato cha nne, 75 ni A, mama anachinja kuku. Kwenye vyuo vingi vya uuguzi Marekani, 75 hiyo hiyo ama umeponea chupuchupu, ama umefeli. Sapu, yaani mtihani wa marudio, hakuna. Na kwenye vyuo vingi, ukifeli kozi mbili umedisko, huku deni la ada linakusubiri.

Nilimfuata mwalimu ofisini, hapa Texas, nikiwa bado na sare ya kazini. Nilikuwa nimetoka kupiga boksi usiku kucha, kugeuza wazee na kubadilisha mashuka. Nikamwomba anipandishie tu hadi 77. Hakubishana. Alifungua silabasi, akaweka kidole kwenye mstari: alama hazipandishwi. Nyuma kulikuwa na saini yangu mwenyewe.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba wiki ile ile alikuwa ametufundisha mahesabu ya dawa. Mtoto ana pauni 45, gawa kwa 2.2, unapata 20.4545, andika kilo 20.5. Mtoto wa kwenye karatasi anapandishiwa, mimi nisipandishiwe!

Sababu niliijua baadaye. Bodi ya Wauguzi ya Texas inataka angalau asilimia 80 ya wahitimu wa chuo wafaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, kwa jaribio la kwanza. Chuo kikishuka hapo kinaanza kuandamwa, kwa hiyo kinaona bora wewe udondokee ndani kuliko ukakiaibishe nje. Nimeelewa. Kusamehe ni habari nyingine.

Nikarudia. Muhula ule siusimulii, ulikuwa uji na usingizi wa masaa manne. Nikapata 84. NCLEX nikaipita mara ya kwanza, kompyuta ikazima kwenye swali la 75, idadi ya chini kabisa ya maswali siku zile (sasa ni 85). Nasema kwa sababu wapo walionicheka kwenye sherehe za Watanzania hapa mjini.

Sasa ushauri. Soma silabasi wiki ya kwanza, siyo siku ya kulia. Jua kila mtihani una uzito gani. Maswali ya kuchagua majibu yote yaliyo sahihi, uliza mapema yanasahihishwaje: NCLEX inatoa alama za sehemu tangu Aprili 2023, mwalimu wako huenda hatoi. Na soma silabasi, narudia.

Nilipokuja kuonyeshwa karatasi yangu, nilikuta swali moja la dozi nimeandika 5.0 badala ya 5. Jibu sahihi, lakini nimekatwa lote, kwa sababu nukta ikififia muuguzi atasoma 50 na mgonjwa atapewa mara kumi. Swali lile peke yake lingenivusha. Wadogo zangu, mnasema walimu wanatubagua. Wapo, nimewaona. Lakini ile sifuri niliiandika mimi, kwa mkono wangu, saa mbili asubuhi, macho yamejaa usingizi wa boksi.

Wewe wa Ohio, omba kuona mtihani wako kabla chuo hakijafunga. Usiende kubembeleza alama, nenda na kalamu, uandike uliyokosa ni ya aina gani. Muhula ujao punguza zamu za usiku, hata mbili. Hela itapungua, najua, na nyumbani watapiga simu. Kisha nipigie. Jumapili sipo kazini.