Jibu: Msimbo unaozalishwa na modeli bado unahitaji kupimwa?
Ndugu, umeuliza kama msimbo wa programu ya ndege unaotoka moja kwa moja kwenye modeli (mchoro wa jinsi programu itakavyofanya kazi) bado unahitaji ukaguzi. Inategemea kizalishaji, yaani zana inayogeuza modeli kuwa msimbo. Kama kimethibitishwa kwa DO-330 (kiwango cha kuthibitisha zana za programu), mfano KCG, kizalishaji cha zana ya modeli ya SCADE, sehemu kubwa ya ukaguzi wa msimbo inapungua. La sivyo, ukague kama ulioandikwa kwa mkono.

Ila mimi ninachohofia zaidi ni mahitaji, yaani maelezo ya kile programu inachopaswa kufanya. DO-331, nyongeza ya mwaka 2011 kuhusu modeli kwa DO-178C (kiwango cha programu za ndege), inataka mahitaji yawe nje ya modeli na yaitangulie. Wengi huchora kwanza, kisha huyachota mahitaji kwenye mchoro uleule. Hapo kosa la mchoro linageuka kuwa hitaji, na kila jaribio linafaulu! Pia uigaji, yaani kuiendesha modeli kwenye kompyuta, haufuti majaribio kwenye prosesa itakayoruka na ndege.