Muulize Bi Mfamasia: Jani la kengele na jani la saumu

SWALI: Shikamoo Bi Mfamasia. Mimi ni binti wa Tanga, naishi Leipzig, Ujerumani, mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee. Mwaka huu mimi na mume wangu tumepata kibustani cha kukodi. Chini ya mtufaha kumeota majani mapana ya kijani. Mwenzangu wa kazini anasema ni Bärlauch, saumu ya mwituni, dawa ya presha na tumbo, niyasage niweke kwenye tambi. Jirani wa kibustani cha pili anasema bibi aliyekuwa na bustani hii kabla yetu alipanda maua ya Maiglöckchen papo hapo, na hayo ni sumu. Mimi nikiyanusa nasikia saumu. Je, hiyo haitoshi? Na kama ni yenyewe, naweza kuyakausha nimpelekee mama? Ana presha. – Binti wa Tanga, Leipzig

JIBU: Marahaba mwanangu. Haitoshi. Nimelisema hilo mwanzo ili usije ukaingia jikoni kabla hujamaliza kunisoma.

Harufu hiyo naijua. Nilifika Leipzig kutoka Unguja mwaka 1983, nikakaa mwaka mzima Taasisi ya Herder nikifundishwa Kijerumani, kisha ndipo nikaenda Halle kusoma ufamasia. Mwezi wa nne ukipita kando ya msitu ule wa mabondeni wa Leipzig, unadhani kuna mtu anakaanga mchuzi porini. Ardhi yote imefunikwa majani. Jina lake ukilifasiri ni saumu ya dubu. Nasi wanafunzi tuliokuwa tumechoka na viazi vya kuchemsha tuliona riziki imetushukia.

Jumapili moja tulikwenda wanne na kikapu. Tukachuma kwa mikono miwili, kwa pupa, kila mtu na kwake. Tuliporudi bwenini, mama aliyekuwa akitulindia mlango, mtu mzima wa kijijini, akatusimamisha. Akamwaga kikapu chote juu ya gazeti, akaanza kugeuza jani mojamoja kama mtu anayechambua mchele. Akatoa matatu. "Nusa," akaniambia. Nikanusa: saumu tupu. Akalichukua lile jani bombani, akaliosha, akaniambia na mimi nioshe mikono kwa sabuni. Nikanusa tena. Nyasi. Harufu ilikuwa ya vidole vyangu na ya majani yaliyolilalia kikapuni.

Ndiyo maana nasema haitoshi. Harufu inakusaidia kwenye jani la kwanza tu. Ukishashika saumu, kila utakachokishika baadaye kitanuka saumu.

Sasa yatazame kama alivyonionyesha yule mama. Usianzie juu, anzia chini, panapotoka udongoni. Jani la saumu ya dubu lina kikonyo chake lenyewe, chembamba na kirefu, kimetoka ardhini peke yake. Hata yakiwa mengi pamoja, kila moja lina mguu wake. Maiglöckchen, yaani kikengele cha Mei, hutoa majani mawili, mara nyingine matatu, kwenye shina moja. Yanapoanza kuota huwa yamekunjwa, moja limemvaa mwenzake kama kanga mbili kiunoni. Kisha geuza jani. La saumu kwa chini limefifia, halina mng'aro. La kengele linang'aa. Maua yakitoka mwezi wa Mei hata mtoto hakosei: saumu ina vinyota vyeupe vilivyokusanyika kichwani mwa kijiti, kengele ina vikengele vyeupe vilivyoning'inia upande mmoja, na manukato yake ni mazuri kiasi cha kukufanya usahau ninayokueleza. Wafaransa huyapeana siku ya Mei Mosi.

Sumu yake inakwenda kwenye moyo. Ni ya ukoo mmoja na digoksini, dawa ya moyo ambayo mimi mwenyewe nimeihesabu vidonge vyake dirishani miaka mingi, na nakuhakikishia hakuna kidonge nilichokuwa nakihesabu kwa uangalifu zaidi ya hicho. Inazuia pampu ndogo zilizomo kwenye chembe za misuli ya moyo, zile zinazotoa chumvi ya sodiamu na kuingiza potasiamu. Kidogo chenye kipimo, moyo dhaifu unapiga kwa nguvu. Kikizidi, mtu anatapika, mapigo yanapungua, yanaruka, na huenda yakasimama. Zamani huko Ulaya walitengeneza matone ya moyo kwa mmea huu huu wa kengele. Tatizo la jani ni kwamba halina lebo: hujui umekula kiasi gani. Na mmea wote ni sumu, jani, ua, vitunda vyekundu vinavyotoka baadaye, hata maji ya chombo ulichowekea maua. Kama kuna watoto wanaokuja bustanini, vile vitunda ndivyo vya kuviwazia.

Yupo na wa tatu, ambaye jirani yako hakumtaja. Wanamwita Herbstzeitlose. Huota kwenye majani ya malisho na pembeni mwa misitu, majani yake hutoka wakati huohuo wa saumu, ila hayana kikonyo kabisa, ni magumu na yanang'aa pande zote mbili. Ua lake la zambarau hutoka msimu wa mapukutiko, wakati majani yameshakufa, kwa hiyo anayechuma mwezi wa nne haoni ua la kumwonya. Huyu ana kolkisini, ile ya kutibu jongo. Mlaji hukaa saa kadhaa akiwa mzima, anapiga soga, ndipo tumbo linaanza. Watu wamekufa Ujerumani kwa kosa hilo, na dawa ya kuikata sumu hiyo hospitalini haipo. Madaktari huushikilia mwili tu mpaka upite, ukiweza kupita.

Kuhusu bustani yako. Majani ya hapo chini ya mtufaha usiyale, hata kama majani kumi ya kwanza uliyoyageuza ni saumu halisi. Kengele hutambaa chini kwa mizizi, na bibi wa watu akiipanda mahali mara moja, inatembea yenyewe miaka na miaka. Itakuwa imeingiliana na saumu, mguu kwa mguu. Ngoja Mei, maua yajiseme. Ukitaka kuing'oa vaa glavu na uchimbe mizizi yote. Mimi ningeiacha, nikaweka kiti karibu nikanusa, lakini mimi sina watoto wadogo. Saumu ya tambi nunua sokoni kwa mafungu. Ukienda msituni, sheria ya huko inakuruhusu kuchuma konzi moja ya matumizi ya nyumbani, isipokuwa ndani ya hifadhi, na sehemu za msitu ule ni hifadhi. Basi soma vibao. Chuma jani mojamoja, ukiliona lilipotokea. Wale wanaokata shada zima kwa kisu ndio wanaoletwa hospitali.

Na udawa wake? Ni mboga nzuri, ina zile kemikali zenye salfa zilizomo kwenye saumu yetu, na wazee wa huko huitumia kusafisha tumbo baada ya baridi kali. Zaidi ya hapo nisingemwahidi mtu. Presha ya mama haishuki kwa jani la tambi. Usimkaushie. Jani hili likikauka harufu inapotea karibu yote, umbo linasinyaa, na hapo hata yule mama wa bwenini asingeweza kukwambia kilichomo mfukoni. Mama anunue saumu ya Mbulu hapo Tanga, aikaangie samaki, na vidonge vyake ameze kila siku. Fedha ya kutuma kifurushi mtumie akapimwe.

Ikitokea mtu amekula kisha mna shaka, msingoje dalili. Pigeni 112. Msimtapishe, na tafadhali msimpe maziwa; najua kwetu mtu akila sumu kitu cha kwanza ni kikombe cha maziwa, lakini hayazuii kitu, na sumu nyingine huzisaidia kuingia mwilini. Wekeni jani lililobaki kwenye mfuko, hata lile lililosagwa, mwende nalo.

SWALI: Bi Mfamasia, shambani kwetu Morogoro kuna mmea unaoparamia wenzake kwa ncha za majani, ua lake jekundu na manjano kama moto. Kijana wangu amechimba chini amekuta kiazi. Kinalika? – Baba Asha

JIBU: Hakiliki. Kwa namna ulivyoueleza, hilo ni ua la moto ambalo Wazimbabwe wamelifanya ua la taifa lao, na kiazi chake kina kolkisini, ileile niliyomweleza binti wa Tanga hapo juu. India na Sri Lanka watu wamekufa kwa kukidhania kiazi kikuu au kiazi kitamu. Kitazame: mara nyingi kimepinda kama herufi V, na mmea wake una jani lenye mkia uliojikunja mwishoni. Kiazi kikuu hakina mkia huo. Mwambie kijana anawe mikono, na hicho alichokichimba msikitupe kwa mbuzi.