Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi? Majibu kwa wasomaji

Swali: Je, Yesu alianzisha dini mpya? (Msomaji, Dodoma)

Yeye na wanafunzi wake hawakujiona wameiacha dini ya baba zao. Alitahiriwa siku ya nane, akafundisha katika masinagogi, akapanda Yerusalemu kwa ajili ya Pasaka. Hata baada ya kusulubiwa kwake, Matendo ya Mitume inawaonyesha Petro na Yohana wakienda hekaluni saa tisa, saa ya kusali. Jina "Wakristo" lilizuka baadaye, huko Antiokia, mji wa Shamu ya kale.

Swali: Basi aliyewatenganisha Wakristo na Wayahudi ni Paulo? (Msomaji, Mombasa)

Paulo anabebeshwa mengi. Alikuwa Farisayo wa kabila la Benyamini, na katika barua zake za miaka ya 50 hutalikuta neno "Ukristo". Ugomvi wa siku zake ulikuwa huu: mtu wa Mataifa, yaani asiye Myahudi, akimwamini Masihi, ni lazima atahiriwe? Mnamo mwaka 49 wazee walikaa Yerusalemu wakakubaliana na Yakobo, ndugu yake Bwana, kwamba asitwikwe mzigo huo. Ajiepushe tu na vyakula vya sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa na uasherati.

Tazama jinsi chakula kilivyotawala. Antiokia, Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, lakini wageni walipofika kutoka kwa Yakobo akajitenga, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Aliyewahi kupika pilau ya harusi kwa wageni wa dini mbili hahitaji kuelezwa zaidi. Swali la kwanza ni moja tu: nani kachinja?

Swali: Waliachana mwaka gani?

Hakuna mwaka. Mwaka 70 Warumi chini ya Tito waliteketeza Hekalu, sadaka zikakoma, na marabi wakaijenga upya dini juu ya Torati na sala. Uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma chini ya Bar Kokhba, 132 hadi 135, uliupanua ufa. Lakini mwaka 386, huko huko Antiokia, padri Yohana Krisostomo alikuwa bado anawafokea waumini wake kwa kwenda sinagogi na kufunga pamoja na Wayahudi. Mhubiri hafokei jambo lisilofanyika, na mimi nakuamini kufoka huko kuliko tarehe yoyote. (Kwa bahati mbaya, maneno yake hayo makali yalinukuliwa karne nyingi baadaye kuhalalisha mateso ya Wayahudi.)

Swali: Mbona Pasaka yetu na yao hazilingani, na jina ni moja?

Jina limetoka kwao. Wakristo wengi wa Asia Ndogo waliiadhimisha tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, siku yoyote ile ya juma iangukie. Roma walishika Jumapili. Mtaguso wa Nisea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ukataka wote waadhimishe Jumapili moja, bila kungojea hesabu ya Wayahudi. Ndiyo maana mwaka 2024 makanisa mengi yaliadhimisha tarehe 31 Machi, na Wayahudi wakaanza yao jioni ya 22 Aprili.