Daraja la Jinja: Ribiti Iliyolegea

Wiki hii jarida limetuuliza wasomaji ikiwa madaraja ya kale ya reli yabomolewe yauzwe kama chuma chakavu, au yahifadhiwe kama kumbukumbu. Swali hilo limenichoma, kwa sababu nimelelewa katika landi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, na daraja ninalolijua ni la Jinja, linalovuka Mto Nile karibu kabisa na pale unapotoka ziwani. Kabla halijakamilika mwaka 1931, hapakuwa na treni iliyotoka Mombasa ikafika Kampala. Niliposhika kalamu nilikusudia kusema neno moja tu: lisiguswe.

Mwaka 1974, nikiwa na umri wa miaka kumi, mjomba wangu aliyekuwa fundi wa madaraja alinichukua kazini kwake. Ukilitazama daraja lile ubavuni, utaona vyuma vimeungwa pembetatu kwa pembetatu, kwa kuwa pembetatu haipindi upesi hata ikielemewa. Lakini yote hayo hushikwa na ribiti, vile vipini vya chuma vyenye kichwa pande zote mbili vinavyounganisha chuma na chuma. Mjomba aliweka kidole cha shahada upande mmoja wa kichwa cha ribiti, akagonga upande wa pili kwa nyundo ndogo, akasogea kwenye inayofuata, akagonga tena, bila haraka. "Sikiliza, mjomba," aliniambia. "Iliyokaza hulia kama kengele. Iliyolegea sauti yake ni nzito, na kidole huihisi ikicheza." Kisha akanipa nyundo. Tatu za kwanza sikusikia tofauti yoyote. Ya nne ilitetemeka chini ya kidole changu, kidogo mno, kama mshipa wa damu, nami nikapiga kelele. Mjomba aliigonga mwenyewe mara mbili ili ahakikishe, akaizungushia duara kwa chaki nyeupe. Siku nzima niliirudia ile chaki kwa macho, na treni ya mizigo ilipopita juu yetu, nilishika ukuta kwa mikono miwili hadi behewa la mwisho likavuka.

Nikiandika haya ndipo ninapoona kosa langu. Ribiti ile ilitolewa, ikawekwa nyingine, na kabla yake zilitolewa nyingi. Kwa hiyo daraja ninalotaka lisiguswe limedumu kwa kuguswa. Tangu daraja jipya la barabara lenye nyaya lifunguliwe mwaka 2018, wapiga picha wamehamia huko, na wapo wanaopendekeza lile la reli liwe la kutazamwa tu. Sikubali. Libebe treni, hata kama chuma kimoja baada ya kingine itabidi kibadilishwe, isipokuwa wahandisi wakithibitisha kwamba haliwezi tena kubeba mzigo, kwani hapo uhai wa watu hutangulia. Wala sisemi hivyo kuhusu madaraja ambayo reli yake ilikwisha ng'olewa. Hayo yana hesabu yake.

Ila ribiti za zamani zikitolewa, zisiuzwe zote kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Chache zibaki Jinja, mahali ambapo mtoto anaweza kuzishika.